Kabla ya kusukuma wenzo: kutumia kamera yenye kitazamio mseto

Mtu anayeshika kwa mara ya kwanza kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani yake, yenye kitazamio mseto, mara nyingi huambiwa kwamba amepata vitazamio viwili ndani ya kamera moja, na kwamba achague kwa kadiri ya mapenzi yake: mpenda mambo ya zamani atumie kile cha optiki, na mpenda mambo ya kisasa atumie kile cha kielektroniki. Nimezitumia kamera za aina hii kwa muda wa kutosha kuamini kwamba ushauri huo unamwacha mpiga picha mahali pabaya, kwa sababu unaligeuza suala la kazi kuwa suala la ladha. Kitazamio cha kielektroniki humwonyesha mpiga picha kile ambacho kihisi, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga na kuunda picha, kinakipokea kupitia lenzi. Kitazamio cha optiki humwonyesha mandhari iliyo mbele yake, na juu ya mandhari hiyo huchora fremu ya mwanga inayokadiria sehemu itakayoingia kwenye picha. Kutokana na tofauti hiyo huzaliwa karibu kila jambo ambalo mtumiaji anapaswa kulifikiria kabla hajabonyeza kitufe: umbali wa anachokipiga, ukubwa wa lenzi, hali ya mwanga, na hata muda ambao betri itadumu.

Kitazamio cha aina hii kimejulikana zaidi kupitia familia mbili za kamera za Fujifilm. Ya kwanza ni X100, iliyotangazwa Septemba 2010 katika maonyesho ya Photokina mjini Cologne na kuanza kuuzwa mwaka 2011, ikiwa na lenzi isiyobadilishwa ya milimita 23 yenye tundu (uwazi unaoingiza mwanga) la f/2. Ya pili ni X-Pro, inayoruhusu kubadilisha lenzi, ambayo ilianza na X-Pro1 mwaka 2012, ikafuatiwa na X-Pro2 mwaka 2016 na X-Pro3 mwaka 2019. Ukiitazama kamera kwa mbele utaona kidirisha kwenye kona ya juu, na wenzo mdogo unaofikiwa kwa kidole cha mkono wa kulia. Ndani ya kidirisha hicho kuna mpangilio wa lenzi unaoipunguza mandhari ukubwa, pamoja na prizimu yenye uso unaopitisha sehemu ya mwanga na kuakisi sehemu nyingine. Skrini ndogo iliyo pembeni hupeleka mistari, namba na viboksi vya fokasi kwenye prizimu hiyo, na jicho huvipokea vyote pamoja na mandhari. Wenzo ukisukumwa, kipazia hufunga kidirisha cha mbele, mandhari hutoweka, na skrini ile ile iliyokuwa ikichora fremu huanza kuonyesha picha nzima kutoka kwenye kihisi.

Umbali ndio unaostahili kutangulia, kwa kuwa ndio unaoharibu picha nyingi bila mtumiaji kuelewa sababu. Kidirisha cha optiki hakikai mahali pamoja na lenzi; kiko juu yake na pembeni yake, sentimita chache kutoka kwenye mhimili wake, na tofauti ya mtazamo inayotokana na hali hiyo huitwa paralaksi. Chukua lenzi ya milimita 23 kwenye kihisi cha APS-C, ambacho upana wake ni kama milimita 23.5. Kwa vipimo hivyo, upana wa eneo linaloingia kwenye picha unakaribia kuwa sawa na umbali wenyewe: ukisimama mita 3 kutoka kwa mtu, picha itachukua upana wa takribani mita 3, na ukimsogelea hadi nusu mita, itachukua upana wa takribani nusu mita. Sasa tuseme kidirisha kiko sentimita 4 kutoka kwenye mhimili wa lenzi. Kwenye mita 3, sentimita hizo 4 ni kiasi cha asilimia 1.3 tu ya upana wa picha, na hakuna atakayeona tofauti. Kwenye nusu mita, sentimita hizo hizo zinakuwa asilimia 8, kiasi kinachotosha kukata sikio la mtu au kuacha nafasi tupu upande usiotakiwa.

Kamera hujitahidi kulirekebisha jambo hili. Kitufe cha shata, yaani cha kupigia picha, kinapobonyezwa nusu na fokasi ikapatikana, kamera hupata umbali na kuisogeza fremu ya mwanga kuelekea chini na kulia, kwa kadiri kitu kilivyo karibu. Kwa hiyo mpangilio unaouona kabla ya kubonyeza nusu ni wa muda tu, na anayebonyeza moja kwa moja hadi mwisho anakuwa ameipanga picha kwa fremu ambayo bado haijarekebishwa. Utaratibu unaofaa ni kubonyeza nusu, kusubiri fremu itulie, kuipanga upya picha kwa kuifuata fremu ilipohamia, ndipo kumalizia. Kwa mtu aliyezoea, mambo hayo yote hufanyika upesi sana na hayachelewi tukio, lakini hayaji yenyewe. Inabidi mkono ufundishwe.

Hata hivyo urekebishaji huo una mpaka wake, na mpaka huu naona hautajwi vya kutosha. Fremu iliyosogezwa ni sahihi kwa umbali mmoja, ule wa fokasi. Uhusiano kati ya kitu cha mbele na vitu vya nyuma yake haurekebishwi na fremu yoyote, kwa sababu lenzi na jicho vinautazama kutoka mahali pawili tofauti. Tuseme unampiga mtu aliye mita 1 mbele yako, na nyuma yake kuna nguzo iliyo mita 10 kutoka ulipo. Kwa kidirisha kilicho sentimita 4 kutoka kwenye mhimili wa lenzi, mstari unaopita kwenye ukingo wa kichwa chake kutoka machoni mwako na ule unaopita hapo hapo kutoka kwenye lenzi vitakuwa vimeachana kwa sentimita 36 vinapofika kwenye nguzo. Nguzo uliyoiona imesimama kando ya kichwa, ikiwa na nafasi nzuri katikati, inaweza kutokea kwenye picha ikiwa imechomoza utosini. Hakuna menyu ya kuliondoa hilo. Anayetaka kupanga kwa uangalifu mpishano wa vitu vya karibu na vya mbali hana budi kusukuma wenzo na kutazama kupitia lenzi yenyewe.

Viboksi vya fokasi navyo vinaathiriwa na paralaksi. Katika kitazamio cha optiki, kiboksi unachokiona kabla ya kubonyeza kimechorwa kwa kudhani kwamba kitu kiko mbali. Kitu kikiwa karibu, mahali halisi ambapo kamera inatafuta fokasi ni pengine, chini kidogo na kulia. Kwenye menyu kuna uwezekano wa kuonyesha kiboksi cha pili kinachoashiria mahali hapo kwa umbali wa karibu, na mimi nashauri kiwashwe siku ya kwanza na kisizimwe kamwe. Fokasi itakuwa mahali fulani kati ya viboksi hivyo viwili, na mtumiaji akikumbuka hivyo hatashangaa tena kwa nini ukuta wa nyuma umetoka mkali ilhali uso wa mtu una ukungu. Kiboksi kikubwa kidogo kinasaidia zaidi kuliko kile kidogo kabisa, kwa kuwa usahihi wa kiboksi kidogo hauna maana ikiwa mahali kinapoelekea ni pa kukadiria.

X100 ya kwanza ililitatua suala la vitu vya karibu kwa kulazimisha: chini ya sentimita 80 hivi mtumiaji alitakiwa kuwasha hali ya makro, na hali hiyo ilitumia kitazamio cha kielektroniki. Kamera zilizofuata zimelegeza sharti hilo, lakini mimi bado ninalishika kwa hiari. Kitu kikiwa karibu zaidi ya mita moja na nusu, nahamia kwenye kitazamio cha kielektroniki bila kujadiliana na nafsi yangu. Kuanzia mita 2 au 3 kwenda mbele, kile cha optiki kinaaminika vya kutosha kwa picha za watu, za mitaani na za mandhari.

Baada ya umbali linafuata suala la lenzi, na hili linawahusu zaidi wenye X-Pro. Lenzi nene au ndefu huingia ndani ya kidirisha na kuziba kona ya chini kulia, mahali hapo hapo ambapo fremu husogea kitu kinapokuwa karibu. Ukiongeza kikinga mwanga kipana mbele ya lenzi, sehemu inayozibwa hukua. Fujifilm yenyewe ilionekana kulizingatia hili ilipotoa lenzi za milimita 35, 23 na 50 zenye tundu la f/2, kati ya mwaka 2015 na 2017: zote ni ndogo na zimechongwa zikipungua unene kuelekea mbele, ili zisizibe kidirisha. Kwa maoni yangu hizo ndizo lenzi ambazo kamera hii inazitaka. Anayenunua X-Pro kisha akaifunga lenzi kubwa ya zumu yenye tundu la f/2.8 anabeba uzito wa kitazamio cha optiki bila kupata faida yake, na angehudumiwa vizuri zaidi na kamera yenye kitazamio cha kielektroniki peke yake. Mwenye X100 hana tatizo kubwa hapa, ila akifunga kikinga mwanga achague chenye matundu ya pembeni, ambayo yanaruhusu jicho kuona kidogo kupitia kwake.

Urefu wa fokasi nao unaamua ukubwa wa fremu. X-Pro1 ilikuwa na viwango viwili vya ukuzaji (ukubwa wa mandhari ndani ya dirisha ukilinganishwa na inavyoonekana kwa macho matupu), 0.37 na 0.60, na kamera iliweza kubadilisha kulingana na lenzi iliyofungwa. X-Pro2 ikaendelea na mpango huo kwa 0.36 na 0.60. X-Pro3 ilibaki na kiwango kimoja tu cha 0.52. Watu wengi walilalamikia uamuzi huo, na ninawaelewa, kwa sababu lenzi ya milimita 18 haitulii tena ndani ya dirisha hilo kama ilivyotulia katika zile mbili za mwanzo, wakati lenzi ndefu hubaki na fremu ndogo kuliko ilivyokuwa kwenye 0.60. Kwa milimita 23, 27 au 35 kiwango cha 0.52 ni kizuri sana. Kwa milimita 90 fremu inakuwa kijistatili kidogo katikati ya dirisha pana, na kupanga uso wa mtu ndani yake kwa uangalifu ni kazi isiyo na sababu wakati kitazamio cha kielektroniki kipo umbali wa kusukuma kidole. Kwa lenzi za zumu, fremu hubadilika ukubwa unapozungusha pete, na kwa lenzi za zamani zinazofungwa kwa adapta inabidi uiambie kamera urefu wa fokasi kwenye menyu, la sivyo itachora fremu isiyohusiana na lenzi iliyopo.

Jambo jingine la fremu ni kwamba haionyeshi picha yote. Kwenye X100T, mojawapo ya matoleo yaliyofuata ya X100, kitazamio cha optiki kilionyesha kiasi cha asilimia 92 ya eneo la picha, na kwenye X100V asilimia 95. Maana yake ni kwamba picha itakuwa na ziada kidogo kwenye kingo kuliko ulivyoona. Kwa mpiga picha wa matukio hiyo ni neema, kwa kuwa ziada inaweza kukatwa baadaye na kilichokatwa na kamera hakirudi. Kwa mpiga picha wa majengo, anayetaka ukingo wa ukuta ugusane na ukingo wa picha, hiyo ni sababu nyingine ya kutotumia optiki.

Nimekuwa nikieleza udhaifu wa kitazamio cha optiki kwa kirefu, na msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi mtu akitumie. Jibu liko kwenye kuona. Kitazamio hicho hakina ucheleweshaji wowote. Tukio linalifikia jicho lako wakati linapotokea. Hakiwi cheusi wakati picha inapochukuliwa, kwa hiyo unaiona sekunde yenyewe uliyoichukua, ukajua kama yule mtu alifumba macho. Zaidi ya yote, kinakuonyesha kilichoko nje ya fremu. Mtoto anayekimbia kutoka kushoto unamwona kabla hajaingia kwenye picha, na unaweza kumsubiri afike unapomtaka, badala ya kushtukizwa naye. Katika upigaji picha wa watu walio kwenye mwendo sijui chombo kingine kinachonipa utulivu wa namna hiyo, na ndiyo sababu ninavumilia hesabu zote za paralaksi nilizozieleza.

Mwanga unagawa kazi kati ya vitazamio hivi kwa namna isiyo rahisi kutabiri. Katika giza, kitazamio cha kielektroniki huongeza nguvu ya kihisi ili uone, na matokeo yake ni picha yenye chembechembe na mwendo unaokatika, hasa katika kamera za mwanzo. X-Pro1 ilikuwa na skrini ya nukta milioni 1.44, wakati X-Pro3 na X100V zina milioni 3.69, na tofauti hiyo inaonekana mara moja. Skrini yenye mwanga pia huliondolea jicho mazoea yake ya giza, hivyo ukiondoa uso kwenye kamera unabaki huoni vizuri kwa muda. Kitazamio cha optiki hakina madhara hayo. Kwa upande mwingine, katika mwanga wenye tofauti kali, kwa mfano mtu aliyesimama kivulini mbele ya anga jeupe, kile cha optiki kinakuonyesha mandhari kama jicho linavyoiona, na jicho linavumilia tofauti kubwa za mwanga kuliko kihisi. Utaona uso na anga vyote viwili, kisha picha itoke ikiwa imepoteza kimojawapo. Histogramu, yaani grafu ya mgawanyo wa mwanga na giza katika picha, inaweza kuwekwa ndani ya kitazamio cha optiki, na nashauri iwekwe, ikiambatana na kipimo cha kuongeza au kupunguza mwanga. Anayepiga kwa mafaili ya RAW, yaani data ghafi ya kihisi, ana nafasi ya kurekebisha, lakini sehemu nyeupe zilizopotea kabisa hazirudishwi na programu yoyote.

Kuna mambo ambayo kitazamio cha optiki hakiwezi kukuonyesha hata kidogo, kwa kuwa hakipiti kwenye lenzi. Hakionyeshi kina cha ukali wa picha (eneo la mbele na nyuma ya fokasi linaloonekana kali), wala athari ya filta ya kupolaraizi, wala rangi za mtindo wa filamu uliochagua, wala picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Hakionyeshi tone la maji kwenye kioo cha lenzi, wala alama ya kidole, na hata kifuniko cha lenzi kikiwa bado kimefungwa mandhari itaendelea kuonekana safi kabisa. Kwa sababu hiyo, katika mvua au vumbi ninaona ni vyema kusukuma wenzo kwenda kwenye kielektroniki kila baada ya muda, kwa ajili ya ukaguzi tu, kisha kurudi. Kidirisha cha mbele nacho kinahitaji kitambaa mara kwa mara, kwa kuwa hakina kifuniko na vidole vya mkono wa kushoto hufika hapo kwa urahisi. Nitaongeza onyo moja lisilohusu ubora wa picha: jua lisitazamwe moja kwa moja kupitia kitazamio cha optiki. Kwa kuwa dirisha linaonyesha mandhari ndogo, mtu anaweza kudhani kwamba mwanga nao umepunguzwa kiasi cha kuwa salama, na sivyo.

Katika fokasi ya mkono, jina la mtindo wa kamera hizi, mtindo wa renjifainda, huwachanganya wengi. Zinafanana kwa umbo na kamera za zamani za renjifainda, lakini ndani yake hamna kile kiraka cha katikati ambamo taswira mbili huletwa pamoja hadi zipatane. Mandhari inayoonekana kwenye kitazamio cha optiki huwa kali wakati wote, hata lenzi ikiwa imezungushwa pasipofaa, kwa hiyo huwezi kupata fokasi kwa kutazama tu. Kuanzia X100T mwaka 2014, Fujifilm iliweka kiskrini kidogo kinachojitokeza kwenye kona ya chini kulia ya dirisha, ambacho huonyesha sehemu ya picha kutoka kwenye kihisi huku mandhari ikibaki wazi. Humo unaweza kuona kingo zilizoangaziwa kwa rangi mahali palipo na fokasi, au kuikuza sehemu unayoitaka. Ni msaada wa kweli kwa lenzi za zamani. Kwa fokasi ya otomatiki ninakiona kinachukua nafasi na umakini bila malipo ya kutosha, maana jicho hujikuta likisoma picha mbili kwa pamoja.

Njia inayopatana zaidi na kitazamio cha optiki, kwa ninavyoona, ni kuweka fokasi mapema kwa umbali uliokadiriwa na kuacha kina cha ukali kifanye kazi. Kwa lenzi ya milimita 23 kwenye APS-C, ukiweka tundu la f/8 na kuchukua kipimo cha kawaida cha duara la ukungu (doa kubwa kuliko yote ambalo jicho bado hulihesabu kuwa nukta kali) cha milimita 0.02, umbali unaofaa kuwekwa ni kama mita 3.3, na kila kitu kuanzia takribani mita 1.65 hadi upeo wa macho kitakuwa na ukali unaokubalika. Kipimo cha umbali kinaweza kuonyeshwa ndani ya kitazamio, kikiwa na mstari unaoashiria kina hicho. Tahadhari ni kwamba kamera huwa na kigezo kikali, kinachopima ukali kwa pikseli, na kwa kigezo hicho kina kitaonekana kifupi sana; kwenye kamera za karibuni kipo pia kigezo cha filamu kwenye menyu, na ndicho kinachokaribiana na hesabu niliyoitoa. Kwa mpangilio huo shata hujibu bila kungoja fokasi, na suala la viboksi vya fokasi linaondoka kabisa.

Mwili wa mpiga picha nao una usemi wake. Kijicho cha kutazamia kiko kwenye kona ya kushoto kabisa ya nyuma ya kamera. Anayetumia jicho la kulia atakuta pua yake iko nje ya skrini na jicho la kushoto liko huru kutazama mandhari. Anayetumia jicho la kushoto atakuta uso wake umelalia skrini yote, na faida hiyo ya jicho la pili inapotea. Wavaaji wa miwani wanapaswa kujaribu kabla ya kununua, kwa kuwa jicho lililosogezwa nyuma na kioo cha miwani hupata shida kuona pembe zote nne za fremu, hasa kwa lenzi pana. Wanaotaka kutazama bila miwani watafute kigurudumu cha kurekebisha dayopta, yaani nguvu ya kioo cha kijicho. X-Pro1 haikuwa nacho na ilihitaji kioo maalumu cha kufunga kwenye kijicho, ilhali X-Pro2 na zilizofuata zinacho.

Betri sina mengi ya kuisemea. Kwa vipimo vya mtengenezaji, X100F hupiga picha kama 390 kwa kitazamio cha optiki na 270 kwa cha kielektroniki, na X100V kama 420 na 350. Tofauti ipo, lakini haitoshi kuwa sababu ya kuchagua. Betri ya pili mfukoni inalimaliza suala hilo. Linaloila betri zaidi ni kuiacha kamera ikiwa imewashwa na kuning'inia kifuani, ambapo kihisi cha jicho hudhani kwamba uso umekaribia na kuwasha skrini ya kitazamio tena na tena.

Mipangilio ya vitazamio viwili hutunzwa kila mmoja peke yake, na huu ni ukarimu ambao watu wengi hawautumii. Kwenye optiki ninaacha fremu, kasi ya shata, tundu, histogramu na kipimo cha umbali. Mistari ya kugawanya fremu naiondoa, kwa sababu inajaza dirisha ambalo thamani yake ni uwazi. Kwenye kielektroniki naweka karibu kila kitu, ikiwemo mstari wa kusawazisha kamera, kwa kuwa ninapokuwa humo huwa nina muda. Kuna pia uwezo wa kuionyesha picha iliyochukuliwa ndani ya kitazamio kwa muda mfupi mara baada ya kubonyeza, hata ukiwa kwenye optiki. Mwanga unapobadilika, kwa mfano jua linapoingia na kutoka mawinguni, uwezo huo una manufaa makubwa. Watu wanapokuwa kwenye mwendo uzimwe, kwani unalifunga dirisha wakati ule ule unapohitaji kuona kinachofuata. Anayetumia flashi za studio kwa mipangilio ya mkono azime uigaji wa mwanga (kuonyesha mandhari kwa mwanga ambao picha itatoka nao) kwenye kitazamio cha kielektroniki, au ahamie kwenye optiki, la sivyo ataona giza tupu hadi flashi itakapowaka.

Kwa kuwa kamera nyingi za familia hizi hununuliwa zikiwa zimetumika, nitataja ukaguzi unaohusu kitazamio peke yake. Sukuma wenzo mara kadhaa na uhakikishe kipazia kinafunga kabisa na kufunguka kabisa, bila kukwama katikati. Elekeza kidirisha kwenye ukuta mweupe wenye mwanga utafute vumbi, ukungu wa unyevu au mikwaruzo ya ndani, ambayo haiondolewi kwa kitambaa. Tazama kama mistari ya fremu ni mikali baada ya kurekebisha dayopta, na kama inaonekana pia unapoielekeza kwenye mahali penye jua. Kwenye X-Pro1 na X-Pro2 jaribu viwango vyote viwili vya ukuzaji. Mwisho, weka kitu kidogo umbali wa mita 1, bonyeza nusu ukiwa kwenye optiki, na uangalie kama fremu inasogea; kisha piga picha ukiwa umekipanga kitu hicho kwenye kona ya fremu iliyosogea, na ulinganishe na kilichotoka kwenye kadi.